Simu ilinipa bei, lakini samaki hawakuwa wangu

Ndugu yetu wa Malindi ameuliza kama programu ya kuonyesha bei za samaki kwenye simu itamsaidia mvuvi maskini. Mimi ni mvuvi wa Kizingitini, huku visiwani Lamu, na nitajibu kwa yaliyonipata.

Kila anayetetea simu hutaja Kerala, India, na ana haki. Mtafiti wa uchumi, Robert Jensen, aliwafuatilia wavuvi wa sadini kule wakati simu zilipokuwa zinaingia, kati ya 1997 na 2001. Kabla ya hapo, chombo kilirudi ufuo wake wa kila siku hata kama wanunuzi wamekwisha, na samaki 5 hadi 8 katika kila 100 walitupwa. Walipoanza kupiga simu wangali baharini, wakawa wanaelekea ufuo wenye mnunuzi. Faida ilipanda kwa asilimia 8 hivi, na mlaji naye akapunguziwa bei kwa asilimia 4.

Sasa njoo kwetu. Nilipopata simu, nilianza kujua bei ya nguru Malindi kabla hata sijafika nchi kavu. Lakini nyavu zilikuwa za tajiri aliyenikopesha, mashine ya tajiri, na mafuta ya safari ni deni lake. Samaki wakishuka wanapimwa kwa mizani yake, kwa bei yake. Nikawa najua napunjwa shilingi ngapi kila kilo, na sina la kufanya. Usiku silali. Tajiri mwenyewe simlaumu kwa yote, maana kusi likivuma na vyombo visitoke, ni yeye aliyetupa unga wa watoto.

Kilichonifungua ni M-Pesa, ile iliyoanza 2007. Mnunuzi mmoja wa Malindi, tuliyejuana kupitia shemeji yangu, alikubali kunitumia nusu ya malipo kabla mzigo haujaondoka. Kwa pesa hizo nililipa deni kidogo kidogo, misimu miwili ya kaskazi, hadi nyavu zikawa zangu.

Ikabaki shida ya barafu. Kutoka kwetu hadi Mokowe ni kwa chombo, halafu gari, na barabara ya Garsen wakati ule ilikuwa vumbi na mashimo. Mzigo wangu wa kwanza, tewa na changu, ulifika umelegea, ukauzwa kwa bei ya kutupa. Bei niliijua, mtandao ulikuwepo, simu ilikuwa na chaji.

Wavuvi wa Kerala walikuwa na masoko yaliyopangana ufuoni, kila baada ya kilomita 15 hivi. Sisi soko letu liko mbali, na wengi bado samaki wao wana mwenyewe kabla hawajavuliwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, bei peke yake haitatosha. Programu yenu ikiweza kumkutanisha mvuvi na mnunuzi anayetanguliza malipo, na mwenye gari la barafu siku hiyohiyo, niandikie. Wavuvi wa huku nitawakusanya mimi.