Ufunguo wa Siri Unaobebwa na Mwanga: Majibu kwa Wasomaji

Je, katika usimbaji wa kwanta, yaani kulinda siri kwa kutumia chembe za mwanga, ujumbe wenyewe ndio unaopitishwa kwa njia hiyo? (Msomaji, Jinja)

Hapana, kinachopitishwa ni ufunguo tu, yaani mfuatano wa tarakimu za nasibu utakaotumika kuusimba ujumbe, ambao nao husafiri katika mkongo wa kawaida. Kwa utaratibu wa Charles Bennett na Gilles Brassard wa mwaka 1984, kila tarakimu hubebwa na fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ambayo mtumaji huiandaa kwa mojawapo ya namna mbili, mpokeaji huchagua kwa kubahatisha mojawapo ya namna mbili za kuipima, kisha yeye na mtumaji hutajiana hadharani namna walizotumia, bila kutaja matokeo, na kubakisha tarakimu ambazo namna zao zililingana.

Mdukuzi akizinakili fotoni njiani? (Msomaji, Mbarara)

Fotoni ambayo hali yake haijulikani hainakiliki. Hilo lilithibitishwa mwaka 1982. Akiipima kila moja na kutuma nyingine badala yake, takriban robo ya tarakimu zilizobakishwa zitatofautiana, na wenye siri, wakilinganisha sampuli ndogo, watayaona makosa hayo na kuutupa ufunguo kabla haujafunga chochote. Wizi hauzuiwi, ila hugunduliwa mapema, wakati kilichoibwa hakina thamani bado, na kwangu huo ndio uhodari wake.

Kampala na Gulu zaweza kuunganishwa hivyo? (Msomaji, Gulu)

Kwa waya mmoja, ni vigumu mno. Baada ya kilomita 100 za mkongo hubaki takriban fotoni 1 katika kila 100, na baada ya 300 hubaki 1 katika milioni, wala vikuza mawimbi vya kawaida havisaidii, kwa kuwa kukuza ni namna ya kunakili. China iliunganisha Beijing na Shanghai, kilomita zipatazo 2,000, kwa kuweka vituo njiani, ambamo ufunguo hufunguliwa na kufungwa upya, kwa hiyo walinzi wa vituo lazima waaminiwe.

Itawakomesha matapeli wa pesa za simu? (Msomaji, Kampala)

La. Namba ya siri uliyomtajia tapeli kwa kinywa chako haikuibwa njiani.

SACCO yetu ina wadhamini watatu. Twaweza kugawana nywila ili mmoja asiifungue peke yake? (Msomaji, Masaka)

Mnaweza, na hamhitaji kwanta. Adi Shamir alionyesha mwaka 1979 kwamba siri ikiwekwa pale mstari ulionyooka unapokata mhimili wa grafu, na kila mdhamini akapewa nukta moja ya mstari huo, wawili wowote wataupata, ilhali mmoja hajui lolote. Mwaka 1999 ilipendekezwa namna ya kugawana siri kwa chembe tatu za kwanta zilizofungamana, lakini hiyo waachieni watafiti. Hii ya Shamir huendeshwa na kompyuta yoyote ya ofisini.