Maswali na Majibu: Kitabu Kilichomo Kifuani

Kwenye picha ya Hukumu ya Mwisho katika kanisa kuu la Albi, Ufaransa, waliofufuka wana vitabu vifuani. Ni Biblia?

Si Biblia, ni dhamiri zao. Picha hiyo ya mwishoni mwa karne ya 15 inatokana na Ufunuo 20:12, vitabu vinapofunguliwa. Watu wako uchi, vitabu viko wazi, na kila mmoja amekuja na chake.

Nimeungama, padre ameniondolea, lakini dhambi ile naikumbuka kila usiku. Je, sikusamehewa?

Umesamehewa. Bernard wa Clairvaux, abate wa Ufaransa, aliligusa jambo hili katika mahubiri yake kwa makleri, yapata mwaka 1140. Vitabu vya wakati ule viliandikwa juu ya ngozi. Mwandishi akikosea, alichukua kisu akakwangua. Lakini ngozi ikiwa nyembamba na wino umekwisha kuzama, ukizidi kukwangua unaitoboa. Bernard anasema kumbukumbu yetu ndiyo ngozi hiyo. Msamaha hauitoboi: maandishi yanabaki, doa linaondoka. Kwa hiyo jihadhari na wahubiri wanaokuahidi kufutiwa kumbukumbu. Na wewe uliyeiba shamba la mjane ukaungama, ukumbuke hivyo hivyo, ukalirudishe.

Si watu wa Enzi za Kati hawakujua kusoma? Vitabu vinawahusu nini?

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara na mtu ambaye hakusoma majibu yaliyopita. Wengi hawakujua kusoma, ndiyo. Lakini Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulimtaka kila mwamini aliyefikia umri wa akili aungame walau mara moja kwa mwaka. Asiyejua hata herufi moja ilimbidi ajisome ndani.

Naweza kumwandikia mume wangu orodha ya dhambi zake aende nayo kuungama?

Hapana.

Kalamu ina maana gani katika mfano huu?

Kuna hotuba ya karne ya 12 iliyohifadhiwa Durham, Uingereza, inayotaja vifaa vyote. Ngozi ni dhamiri safi, kisu ni hofu ya Mungu, wino ni unyenyekevu. Kalamu, iliyochongwa kwa unyoya wa ndege, ni upendo, na ncha yake imepasuliwa pande mbili: kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Wapo wanaokesha kanisani huku hawasalimiani na ndugu zao. Hao wameshika upande mmoja tu. Chonga unyoya mwenyewe ujaribu: bila ule mpasuo, wino haushuki vizuri.