Suji ya maziwa inaganda kama keki: tatizo ni vipimo, si suji

Mleta uzi, umesema ulifuata video: suji kikombe kimoja, maziwa vikombe vitatu, ukaipua ikiwa laini kabisa, na wageni walipofika ikabidi uikate kwa kisu. Waliokujibu wanasema suji yako ni ya zamani. Hapana, suji haina kosa. Wewe ulitaka ravo, suji laini ya maziwa ya Waparsi wa India, video ikakupikisha sheera, suji nzito inayoshikamana. Huko mitandaoni zote mbili zinaitwa "halwa ya suji" na watu wanachanganyikiwa.

Nilisoma Pune, India, na chumba nilipanga kwa mama mmoja wa Kiparsi ambaye wapangaji wote tulimwita Anti. Waparsi ni wafuasi wa dini ya Zaratustra. Wazee wao walitoka Uajemi wakahamia Gujarat zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. (Wapo waliofika hadi Unguja. Mwimbaji Freddie Mercury wa bendi ya Queen, aliyezaliwa hapo mwaka 1946, ni wa kwao.) Siku ya kuzaliwa mtu, au siku ya Navroz, yaani mwaka mpya wao, nyumba ya Kiparsi inaamka na kitu kitamu: ravo, au sev, ambazo ni tambi za sukari, pembeni mtindi mtamu na mayai ya kuchemsha. Mlangoni panatundikwa shada la maua na chini panapigwa nakshi za chokaa. Ravo yao ni ya bakuli na kijiko.

Sheera ni ya majirani zao Wahindu wa Maharashtra, jimbo ulipo mji wa Pune. Ile ya ibada ya Satyanarayan, ambayo ni ya mungu wao Vishnu, inakwenda kwa kipimo kimoja na robo cha kila kitu, suji, samli, sukari, na ndizi mbivu humo humo. Inagawiwa viganjani, kwa hiyo lazima ishikamane. Ukitaka ya bakuli usiguse vipimo hivyo.

Kwa ravo mimi natumia maziwa lita moja kwa suji nusu kikombe tu, kikombe cha mililita 250. Ndiyo, utaona ni kidogo mno. Usiongeze. Samli vijiko vikubwa vitatu, sukari nusu kikombe kwa kuanzia, iliki ya kutwanga, kungumanga ya kukwaruza kidogo, na arki ya waridi kijiko cha chai. Suji chagua ya chembe ndogo.

Weka samli kwenye sufuria nzito, kaanga lozi zilizokatwa nyembamba, kisha zabibu kavu. Zabibu ikivimba tu itoe, ikizidi inakuwa chungu. Anti alikuwa na charoli, vikokwa vidogo vya kwao. Kwetu korosho inatosha na pengine inashinda. Kwenye samli hiyo hiyo mimina suji, moto mdogo, na usiondoke. Mwanzoni itanata kwenye mwiko kama mchanga wa pwani uliolowa. Baadaye chembe zinaachana, unazisikia zikikwaruza sufuria, na harufu inabadilika. Hapo inatosha. Ravo inabaki nyeupe-nyeupe. Ikishakuwa kahawia umehamia kwenye chakula kingine. Hatua hii msiiruke wale mnaosema samli ni nyingi: samli inaizunguka kila chembe, na ndiyo inayozuia madonge maziwa yakiingia.

Ipua sufuria kabla ya kumimina maziwa. Yawe vuguvugu, si ya kuchemka. Mimina nusu, koroga mpaka usione donge, mimina yaliyobaki, ndipo urudishe motoni. Ukimimina maziwa ya moto juu ya suji ya moto, chembe zinavimba kwa nje kabla hujawahi kuzitenganisha, na madonge hayo hata mchapo wa kupigia mayai hauyamalizi.

Sukari iache kwanza. Inagombania maji na suji, ukiiwahisha chembe zinabaki na kiini kigumu. Onja: suji ikiwa laini ulimini, tia sukari. Mchanganyiko utalegea ghafla, usiogope.

Sasa lile lililokuponza zaidi, kuipua. Suji inaendelea kunywa maziwa hata ikiwa mezani, na inavyopoa inazidi kukaza. Ipua wakati moyo wako unakwambia bado: pitisha mwiko katikati, chini ya sufuria paonekane kidogo na pajifunike papo hapo. Mfereji ukikaa wazi umechelewa, ongeza maziwa. Iliki, kungumanga na arki tia baada ya kuipua, harufu isipotee na mvuke.

Kuhusu maziwa, mapishi mengi ya kule yameandikwa na watu wanaotumia maziwa ya nyati, yenye mafuta karibu mara mbili ya ya ng'ombe. Ndiyo maana yao inateleza na yetu inakuwa kavu. Mimi nakoroga vijiko vitatu vya maziwa ya unga kwenye ile lita. Wengine wanatia yai lililopigwa mwishoni. Anti alitia, mimi siwezi ile harufu.

Na hiyo uliyonayo kwenye friji usiitupe. Chemsha maziwa kikombe kimoja, iponde kwa mwiko huku unayaongeza kidogo kidogo kwenye moto mdogo, mpaka ianze kumiminika tena. Haitakuwa laini kama ya kupika upya, lakini inalika. Au ikate vipande, kaanga kwa samli pande zote mbili, upeleke na chai ya saa kumi.