Jibu: Duvi wangu hawali, niwape nini?

Mkuu, duvi wako (hao kaa wanaobeba kombe la konokono mgongoni) hawajagoma kula. Umesema unawawekea wali asubuhi, na jioni unaukuta vilevile. Hawa ni walaji wa usiku, na kula kwao ni kudonoadonoa tu. Weka chakula magharibi, kidogo kama kijiko cha chai, asubuhi kitoe kabla hakijachacha. Kwa joto la Dar, papai huvutia sisimizi upesi!

Wali peke yake haufai. Mimi huwapa nazi mbichi, embe, mchicha, na dagaa wawili wakavu wasiotiwa chumvi, waliopondwa. Ganda la yai lililochemshwa, kukaushwa na kusagwa usilikose, maana wanahitaji chokaa ya kujengea gamba la mwili wao, si lile kombe wanalobeba. Mfupa wa dome (jamii ya ngisi) unaookotwa ufukweni nao ni mzuri, uoshe tu.

Maji weka visahani viwili: ya kunywa, na ya bahari. Ya bomba yana klorini, yaache kwanza kwenye ndoo wazi siku nzima.

Na yule aliyejifukia mchangani usimchimbue. Anajivua gamba, na lile la zamani atalila mwenyewe.