Mgawanyo, mgawano au mgawanyiko wa madaraka? Swali kutoka Newala

Msomaji mmoja wa Newala, mjumbe wa bodi ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Tunapitia upya masharti ya chama chetu, tumefika kwenye kipengele cha nani afanye nini tukakwama. Katibu kaandika 'mgawanyiko wa madaraka', mwenyekiti anataka iwe 'mgawano', mimi redioni nimezoea kusikia 'mgawanyo'. Alafu mjumbe mwingine akasema hata hayo madaraka sio, ni mamlaka. Tusaidie kabla ya mkutano mkuu."

Marahaba. Jibu fupi ni kwamba muandike mgawanyo wa madaraka, yaani hapo ulikuwa sahihi wewe. Ila msiishie hapo, maana haya maneno matatu hayajapishana herufi tu, kila moja linasema kitu kingine kabisa kuhusu nani ana nguvu na nani anamwangalia mwenzake, na kwenye chama kinachoshika korosho za watu hiyo tofauti sio ndogo.

Yote matatu yametoka kwenye gawa. Ukiongeza -ana unapata gawana, watu wanapeana wao kwa wao: ndugu wanagawana urithi, wavuvi wanagawana samaki. Angalia hapo, wanaogawa ndio haohao wanaopokea. Alafu lugha ikaichukua gawana ikaifanyia kilekile ilichomfanyia pona mpaka akawa ponya na ona mpaka ikawa onya, ndo tukapata gawanya. Sasa gawanya inadai mtendaji, kuna mtu ana kitu kizima mbele yake anakikata mafungu kwa mpango, ndo maana mtoto shuleni hafundishwi kugawana kumi na mbili kwa tatu, anafundishwa kugawanya. Ukisogea hatua moja tena ukaweka -ika unapata gawanyika, na hapa mtendaji kapotea, husikii kafanya nani, kitu kimejikuta vipande vipande.

Majina yakafuata humohumo. Mgawanyo ni kazi ya mtu aliyekaa akapanga. Mgawano ni kitendo cha watu kupeana. Mgawanyiko ni hali ambayo kitu kimefikia. Mgawanyiko sio neno baya lenyewe, walimu wa baiolojia wanalitumia kwenye seli na hakuna ubaya wowote, seli inajigawa yenyewe. Ila likienda kwa watu, miaka na miaka magazeti yameandika "mgawanyiko ndani ya chama" yakimaanisha watu hawaelewani, wamepasuka. Kwahiyo mkulima akikuta "mgawanyiko wa madaraka" kwenye masharti ya AMCOS yake atadhani bodi mmeshikana mashati, na hamtaweza kumlaumu.

Nataka nikae zaidi kwenye la mwenyekiti, maana hilo ndo linapotosha watu wengi, hadi wasomi. Kugawana madaraka na kugawanya madaraka ni vitu viwili ambavyo karibu vinapingana. Kenya baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, pande mbili zilisaini makubaliano tarehe 28 Februari 2008, Kibaki akabaki rais, Odinga akawa waziri mkuu, vyeo vya uwaziri vikagawiwa pande zote. Pale waligawana madaraka. Zanzibar 2010 walibadilisha katiba ikaja Serikali ya Umoja wa Kitaifa, nao pale waligawana madaraka. Maana ake ni kwamba waliokuwa wanagombana wameingizwa kwenye serikali moja, wakae pamoja. Kugawanya ni kinyume chake, unachukua kazi zilizokuwa zimelundikwa kwa mtu mmoja unazitenganisha, huyu atunge, huyu atekeleze, huyu aamue kesi, na hakuna anayeweza kumaliza safari yote peke yake. Yote mawili yanaleta utulivu, sikatai, lakini la kwanza linawatuliza watu ambao wangepigana, la pili linamdhibiti mtu ambaye tayari nguvu anazo. Mkiandika "mgawano wa madaraka kati ya bodi na watendaji" mnakuwa mmesema bodi na watendaji wanapeana vyeo wao kwa wao. Nina uhakika mwenyekiti hakutaka kusema hivo.

Na sisi wa kusini hili la kugawanya tunalijua bila hata kwenda Dodoma, tunaliona kila msimu wa korosho. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa 2005, na kwenye korosho mfumo wenyewe ukaanza kutumika 2007 hukuhuku Mtwara. Fikiria safari ya gunia moja. Karani wa AMCOS anapima na kukuandikia, mwendesha ghala anapokea mzigo anaupima tena uzito na ubora, wanunuzi wanaleta bei zao kwenye mnada, wakulima wanasomewa bei wanakubali au wanakataa, hela inapita benki. Anayepima sio anayenunua, anayetunza sio anayepanga bei. Sasa weka pembeni ya hapo kangomba, ambako mtu mmoja anakuja na hela yake mkononi na kipimo chake mwenyewe kisichojulikana na serikali, anapima yeye, anapanga bei yeye, anabeba yeye, mara nyingi korosho yenyewe bado iko juu ya mti na mkulima ana shida ya ada au ya msiba. Kwenye kangomba madaraka yote yako kwenye mfuko mmoja. Mfumo wa ghala nao una makwazo yake, malipo kuchelewa, makato mengi, watu wa Tandahimba na Masasi wanalalamika na wana haki, lakini angalau gunia likipungua kuna vitabu viwili vya kulinganisha, cha karani na cha ghala, na unajua uanze kuuliza wapi. Huo ndo mgawanyo. Ingekuwa mgawano maana ake karani na mwendesha ghala wamekaa wakapeana gunia lako!

Wazo la kugawanya nguvu za nchi kwenye vyombo vitatu watu wanalihusisha sana na Montesquieu, Mfaransa aliyeliandikia kwa kirefu 1748, na Wamarekani wakalijenga ndani ya katiba yao ya 1787. Kwetu liko ibara ya 4 ya Katiba ya 1977, inayotaja vyombo vyenye mamlaka ya utendaji, vya utoaji haki na vya kutunga sheria, viwili viwili kwa sababu ya Muungano. Kuna wanaopenda kusema "utenganisho wa madaraka", mi silipendi hilo kwa nchi yetu, sio kwamba ni kosa la sarufi, ila linasema zaidi ya kilichopo. Tenga ni kuweka mbali kabisa. Kwetu waziri ni lazima awe mbunge, na ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Kenya tangu katiba ya 2010 waziri hawezi kuwa mbunge, hao wakisema wametenganisha unawaelewa. Sisi tumegawanya, mafungu yapo ila bado yanagusana.

Hapohapo nigusie kosa ambalo linaniumiza sana nikilisikia, "mihimili mitatu ya serikali". Kwa Kiswahili chetu Serikali ni jina la mhimili mmojawapo, ule wa utendaji, wenzake ni Bunge na Mahakama. Ukisema mihimili mitatu ya serikali umeshaiweka Mahakama chini ya Serikali kabla hakimu hajafungua jalada, na mwananchi anayekwenda kuishtaki halmashauri kwa ajili ya kiwanja chake anaamini kabisa kwamba anaenda kuishtaki serikali kwa serikali. Ndo maana wengi hawaendi. Sema mihimili mitatu ya dola. Najua neno dola limechafuka kidogo, watu wakisikia "vyombo vya dola" wanawaza polisi na mabomu ya machozi, lakini dola ni nchi yenye mamlaka yake kamili, serikali imo ndani yake pamoja na hao wengine wawili. Na uandike mhimili, sio muhimili, limetoka kwenye himili, kubeba mzigo, wingi wake mihimili.

Turudi kwa mjumbe wenu wa mamlaka. Hajakosea, na katibu pia hajakosea, Katiba yenyewe inatumia yote mawili, ibara ya 107A inasema Mahakama ndiyo mamlaka yenye kauli ya mwisho ya utoaji haki, wakati ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Mimi navyoyasikia ni hivi. Mamlaka ni ndugu wa miliki na malkia, ni haki ya kuamuru na kutoa kauli, na siku hizi pia ni jina la chombo chenyewe, tunasema Mamlaka ya Maji, Mamlaka ya Mapato. Madaraka yamekaa kwenye cheo na yanakuja na wajibu, zamani wazee walisema daraka wakimaanisha jukumu ambalo mtu amelibeba na ataulizwa. Kwa masharti ya chama cha ushirika ambako kila mwenye cheo siku moja atasimama mbele ya wanachama na mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, aulizwe, mi nachagua madaraka.

Kuna maneno mawili mengine yatawafikia tu humo kwenye masharti, kukasimu na kugatua, msiyachanganye. Meneja akisafiri akamwachia karani kusaini, amekasimu, kesho akirudi anachukua chake na lawama bado ni yake. Kugatua ni kumwachia mwingine moja kwa moja kwa mujibu wa sheria, Wakenya wanaita ugatuzi na kaunti zao 47, sisi tunasema ugatuaji au kupeleka madaraka kwa wananchi, maneno ambayo ibara ya 146 imeyatumia kwa serikali za mitaa. Wazee watakumbuka 1972 ilipokuja sera ya Madaraka Mikoani, halmashauri zilivunjwa, zikarudi miaka ya 80, na jina lenyewe lilikuwa linasema kweli: yalifika mikoani, kwa maofisa, mwananchi wa kijijini hakupewa kitu. Ukisoma kwa makini neno lililofuata baada ya "madaraka" utajua yameishia wapi.

Kwenye sentensi yenyewe, tumieni gawanywa, msiandike gawanyika, ili ionekane kuna mtu kagawanya na mtu huyo ni wanachama. Na vyombo mnavyovijua kwa majina viunganisheni kwa "kati ya" au "baina ya", "miongoni mwa" iacheni kwa kundi ambalo mnachagua mmoja ndani yake. Mimi ningeandika hivi: "Madaraka ya chama yatagawanywa na Mkutano Mkuu kati ya Bodi na watendaji, na mtu mmoja hataruhusiwa kupima, kutunza na kulipa katika msimu huohuo." Hicho kipande cha mwisho mwenyekiti akitaka kukifuta kwa sababu kinarefusha sentensi, mwambieni afute kingine.