Invest siyo kuwekeza kila mahali

Msomaji mmoja kauliza: "Mimi najua invest ni kuwekeza, basi. Juzi nimekutana na sentensi hakimu ni 'invested with power', nikaandika hakimu amewekezewa mamlaka, bosi akanirudishia kazi. Kosa langu nini?"

Bosi yuko sahihi bwana. Neno lenyewe limetoka Kilatini, investire, yaani kumvisha mtu nguo, kwa hiyo hapo hakimu kavikwa joho la cheo, hajawekezewa kitu. Kwetu tunasema amepewa mamlaka au amekabidhiwa, na kama ni mfalme anatawazwa, chifu anasimikwa. Mambo ya hela yamekuja baadaye, Waitaliano wa biashara ndo walioanza kuiona hela kama inabadilishwa nguo, jana ilikuwa sarafu leo imevaa bidhaa, Waingereza wakaidaka maana hiyo kwenye karne ya 17 enzi za biashara na India. Halafu kuna ya kijeshi, jeshi liki-invest mji usifurahi ukadhani mtaji umekuja, limeuzingira hilo.

Sasa kuwekeza yetu imezaliwa na weka tu, hela imekaa mahali ili izae. Ila mimi napenda zaidi kitega uchumi, maana ile ni kutega kabisa, kama mvuvi na dema lake, unatega unasubiri, na kuna siku unalivuta halina hata kaa.

Kwenye matumizi, sema nimewekeza kwenye hisa au katika kilimo, ile "nimewekeza ndani ya kilimo" ni Kiingereza kimevaa kanzu. Mtu akikwambia "invest in good shoes" hana habari ya mtaji, anakwambia nunua viatu vya maana usiogope bei. Na hii ya vijana, "nimewekeza sana kwenye haya mahusiano", inaeleweka na siigombi, ila bibi yangu angesema nimejitoa, na mwenye kusikia angeelewa hata machozi yaliyomo. Ukisema umewekeza mtu anauliza faida iko wapi!

Kidogo tu kuhusu mwekezaji: wingi ni wawekezaji, siyo "wekezaji". Kwenye mitaa ya huku Bongo neno hili limeshapata sura yake, ukisikia "mwekezaji kaja" watu wanawaza mgeni na shamba lililopimwa, wakati mama mwenye vipande vyake vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, naye ni mwekezaji vilevile.