Kuhusu ule mradi wa OpenMRS

Mwanangu Wafula,

Sisi hapa Webuye hatujambo, ila mvua imezidi. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema unataka kuingia OpenMRS, ile programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa, kupitia Google Summer of Code, mpango wa Google unaowalipa wageni kuandika msimbo wa miradi kama hiyo wakiongozwa na washauri. Ukajitambulisha na kuomba upewe kazi, na wiki imeisha bila mshauri yeyote kukujibu. Unauliza uwaandikie tena au uachane nao utafute atachimenti huko Kisumu.

Usiachane nao. Lakini pia usiwaandikie tena yale yale.

Unajua mimi hushinda na hiyo programu mezani. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa tunaotumia kliniki, umejengwa juu ya OpenMRS, na OpenMRS yenyewe ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Ndiyo maana ukiniandikia "mradi wa ng'ambo" mimi hucheka.

Vijana wa vyuo huja kwetu kwa mazoezi. Wengi husimama mlangoni: "Madam, nipe kazi." Kumtafutia mtu kazi nako ni kazi, inabidi niache foleni nimweleze kila kitu. Sasa kuna msichana mmoja alikuja, akakaa pembeni akitazama asubuhi nzima. Kufika adhuhuri akaniambia, "Yule mama wa saa tatu amesajiliwa mara mbili. Moja ni Nafula, nyingine Nafulah, na nambari ya simu ni ile ile." Nikamvutia kiti papo hapo.

Hao washauri wako wengi wanajitolea, na wanaoomba kazi kwao ni wengi kuliko wanaokuja mlangoni kwangu. Weka programu kwenye laptopu yako hadi ifunguke. Kisha chagua kazi moja ndogo kati ya zile zilizotengwa kwa wageni, uhakikishe hakuna mwingine aliyeishika, na usome mazungumzo yake ya nyuma yote kabla ya kuandika neno. Ukikwama, uliza hadharani, usimfuate mshauri mmoja pembeni. Sema ulifanya nini, ulitarajia nini, na unakili lile kosa jinsi lilivyotokea, herufi kwa herufi. Hata mimi fundi wa mfumo akinipigia, "haifanyi kazi" haimsaidii chochote. Halafu wape muda. Ukiuliza asubuhi, aliye Marekani bado amelala.

Msimbo wako ukirudishwa na maoni kibao, usinune kama ulivyomnunia mwalimu wa hesabu. Rekebisha, rudisha. Ukifika wakati wa kuandika pendekezo la mradi la kuombea nafasi, watakuwa tayari wanalijua jina lako.

Jambo ambalo hukuuliza: muda. Mradi mkubwa ni saa 350. Ukizigawa kwa wiki 12 ni kama saa 29 kila wiki, na chuoni Maseno hawatasogeza mtihani kwa ajili yako. Kuna miradi ya saa 175. Angalia ratiba yako kwanza ndipo uchague.

Baba yako anauliza pesa zinakuja lini. Mwambie hazitangulii: asilimia 45 hutolewa ukipita tathmini ya katikati, na 55 ukipita ya mwisho. Na kujiunga hakuna ada, kwa hiyo yeyote atakayekuomba "pesa ya usajili" kwa M-Pesa ni tapeli.

Atachimenti endelea kuitafuta pia, maana nafasi hazitoshi wote. Ijumaa nitakutumia ya bando.

Mama yako